Maua ya Shemeji Mkurugenzi

Nilikuwa nimeshamdharau mume wa dada yangu kabla hajatuletea maua, kwa hiyo sitayasingizia maua. Alikuwa mtunza ghala wa ushirika wa pamba, na ushirika ulipokufa hakutafuta kazi nyingine. Alinunua mkoba mgumu wa ngozi ya bandia wenye kufuli ya namba, akaanza kuzunguka nao Nyamagana, hapa Mwanza, tangu asubuhi, anaingia ofisi hii, anatoka ile. Ukimuuliza anakwenda wapi, anajibu, "Nafuatilia mradi." Miaka ile kila mwanamume aliyepoteza kazi akabakiwa na tai moja alikuwa anafuatilia mradi. Ndani ya ule mkoba, na nasema hivi kwa sababu niliufungua siku moja alipokuwa anaoga, mlikuwa na gazeti la juzi, kitana na kipande cha muhogo wa kuchoma.

Niliishi kwao kwa sababu kiwanda cha nguo kule Nyakato nilikokuwa nafanya kazi kilipunguza watu, nami nikawa miongoni mwa wanawake walioachishwa. Nyumba yao ilikuwa mlimani juu ya mto Mirongo, imebanwa na mawe makubwa mbele na nyuma, kiasi kwamba jiko la dada lilikuwa pengo tu kati ya jiwe na jiwe, limeezekwa bati. Hapo ndipo alipokaangia vitumbua. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyolipia watoto wao wawili waliokuwa wakisoma bweni Ukerewe, vikatulisha sisi wote, na vikanunua ule mkoba. Dada hakuwahi kulisema hilo. Alinilea tangu mama yetu alipofariki, na sijapata kumsikia akimsimanga mtu kwa chakula. Mimi ningemsimanga mumewe kila mlo.

Basi siku moja akarudi kutoka Lushoto. Alikuwa amealikwa kwenye semina, sijui nani alimwalika wala kwa nini, maana semina zilikuwa nyingi na watu wa kuzijazia viti walikuwa wanatafutwa. Aliingia ndani hata hajatoa viatu, akaweka juu ya meza boksi la plastiki, la zile aiskrimu za kizungu, akalifungua polepole kama mchungaji anayefungua Biblia. Mlikuwa na majani yamelazwa kwenye pamba iliyolowa. Majani mafupi, manene, yenye manyoya laini kama sikio la paka.

"Mnajua hii ni nini?" akauliza.

"Majani," nikasema.

Hakuniangalia. Alimwambia dada kwamba wenyeji wa kule huliita dughulushi, na kwamba ni ua la porini, linaota lenyewe juu milimani, kwenye mawe yaliyolowa kando ya vijito, mahali ambapo jua halifiki na maji yanarusha matone mchana kutwa. Linaishi mwaka hadi mwaka bila mtu kulipanda. Wanawake wa Usambara wanapita na kuni zao kichwani, wanalikanyaga. Lakini Ulaya, alisema, na hapo akainua kidole, Ulaya kila mama mwenye nyumba analo dirishani.

"Sasa hapa kwetu lina nini?" dada akauliza.

"Mama watoto, hapa kwetu kuna mawe. Kuna mlima. Kuna kijito, kile pale nyuma. Na kuna ndege." Akanigeukia mimi, kwa kuwa alijua ni mimi nitakayebisha. "Ndege za samaki zinaondoka Mwanza kila leo kwenda Ulaya. Minofu imejaa chini, juu kuna nafasi. Ua litakosa pa kukaa?"

"Litafika linanuka sangara," nikasema.

"Shemeji, wewe akili yako imebaki kiwandani."

Kile alichokiita kijito kilikuwa ni maji ya mvua yaliyokuwa yakishuka kati ya mawe, yanapita nyuma ya choo cha jirani na kuishia Mirongo, na Mirongo wenyewe mtu yeyote wa Mwanza anajua ulikuwa umebeba uchafu gani. Kuanzia Juni hadi Septemba palikuwa pakavu kabisa. Jua la huku likishapiga lile jiwe asubuhi, unaweza kuanika muhogo na kuuanua jioni. Nilimweleza. Aliniambia Wazungu wana wataalamu wao na kwamba mimi nisimkatishe tamaa.

Wakapatikana wafadhili. Nilidhani hawatapatikana, na hilo ndilo kosa langu la kudhani kwamba watu wanaotoa fedha wanajua jiwe la Mwanza lilivyo moto. Wafadhili walitaka kikundi cha wanawake, kwa hiyo shemeji akaunda kikundi cha wanawake. Dada yangu akawa mwenyekiti. Yeye mwenyewe, kwa kuwa si mwanamke, akajipa ukurugenzi. Wengine walikuwa majirani: mama muuza mkaa, wasichana wawili washonaji, na bibi mmoja wa Kisukuma ambaye mtaa mzima tulimwita Mayu, yaani mama, aliyekuwa na ng'ombe mmoja na hakumwogopa mtu.

Siku ya kwanza ya mkutano, Mayu alilishika jani, akalinusa.

"Linaliwa?"

"Haliliwi, Mayu," shemeji akasema.

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Sasa linafanya nini?"

"Linatazamwa."

Mayu alilirudisha kwenye boksi. "Kwani huko kwao hawana cha kutazama?" Kisha akauliza kama watapewa chai, na ikiwa ni ya bure au ya kuchangia. Aliambiwa ni ya bure, akajiunga.

Walijenga vihori vya saruji kati ya mawe, wakavifunika kwa makuti yaliyoletwa kutoka mbali kwa lori, maana kwetu minazi haioti. Wakajaza udongo mweusi wa bondeni. Majani yakachomekwa. Kilichobaki kilikuwa maji, na maji ya kijito yalipokatika, kama nilivyosema yatakatika, wanawake wakaanza kuyapandisha mlimani kwa ndoo kutoka bombani kule chini. Dada alikuwa anaamka kukaanga vitumbua, anauza, anarudi, kisha anapandisha maji ya maua. Shemeji alikuwa anakaa chini ya makuti na kitabu cha wageni. Hakikuwa na mgeni hata mmoja, lakini kilikuwa na jalada zuri.

Nikiri jambo moja kwa ajili ya haki. Yalichipua. Pembeni ya kila jani vikatokea vijani vidogo, na baada ya muda mrefu, nilipokuwa nimeshasahau kuyacheka, dada aliniita asubuhi moja. Alikuwa amechuchumaa, mikono bado ina unga wa mchele.

"Njoo uone."

Ua lilikuwa dogo, halizidi kifungo cha shati. Zambarau iliyokolea, katikati doti ya njano.

"Ndilo hili?" nikasema.

"Ndilo."

"Kwa hiki ndiyo shingo zetu zimefupika?"

 Dada aliendelea kulitazama, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka. Nilimdharau hata yeye asubuhi ile. Niliona ni upumbavu mtu mzima kufurahia kifungo, tena kifungo kilicholetwa na mume wa aina ile.  Lakini nilichukua ndoo yake nikashuka bombani.

Yalikufa kabla ya mvua za vuli. Wanawake walikuwa wanayamwagia maji juu kama wanavyomwagia mchicha, na yale manyoya yake yakishika maji na jua likapiga, jani linapata mabaka ya kahawia, kisha linaoza kutokea shinani. Yaliyoponea kuoza yalikauka, maana makuti yalikuwa yamechanwa na upepo wa ziwani. Shemeji alikuja akasimama katikati ya vihori, amevaa koti la mtumba lililokuwa limeandikwa jina la mtu mwingine kwenye mfuko wa ndani, akaanza kufoka.

"Nyinyi mna mikono ya kulimia pamba! Ua linataka mkono laini! Ndiyo maana hatuendelei!"

Mayu alikuwa anakamua kitambaa chake. Alikikamua hadi mwisho, akakijitupia begani.

"Mkono huu wa pamba," akasema, "ndio uliokusomesha wewe. Ulikula mshahara wa ushirika miaka yote ile, ulidhani pamba inajichuma?" Akachukua ndoo yake na kuteremka. Hakurudi tena kikundini, na chai yake ikanywewa na mama wa mkaa.

Ikaja taarifa kwamba wafadhili wanakuja kutembelea mradi. Nilifurahi. Nilidhani sasa tutamwona mkurugenzi akitoka jasho. Badala yake alitulia kabisa, akala ugali wake, akaniomba chumvi. Siku ya ugeni, alfajiri kukipambazuka, alikuja mlangoni kwangu akiwa na dereva wa pikapu.

"Shemeji, jiandae. Tukachume maua."

"Wapi?"

"Ziwani."

Miaka hiyo magugu maji yalikuwa yamelivamia ziwa. Yalifika yakielea kama visiwa vya kijani, yakajaza ghuba, yakafunga mialo ya mitumbwi, meli zikawa zinasukumana nayo kuingia bandarini. Wavuvi walikuwa wanashindwa kutoa mitumbwi. Samaki waliokuwa wakivuliwa karibu na nchi kavu walikimbia, mbu wakaongezeka, kinamama waliokwenda kuchota maji walirudi na madumu matupu. Lakini ua lake, sitadanganya, ni zuri. Zambarau nyepesi, limejipanga kwenye shina kama mshumaa, na petali ya juu ina jicho la njano.

Nilipanda pikapu. Nilitaka kuona mtu anaweza kufika wapi. Dada naye alikuja, amefunga khanga kiunoni. Tulipofika mwaloni wavuvi walikuwa wamekaa juu ya mitumbwi yao iliyokwama, wanashona nyavu zisizokuwa na kazi. Shemeji alikunja suruali akaingia majini na viatu vya plastiki, akaanza kuchagua yenye maua.

"Mzee, unachagua?" mvuvi mmoja akamwita. "Chukua yote! Tukuitie na wenzio!"

Walicheka hadi mmoja akashika mbavu. Shemeji aliwapungia mkono kwa heshima, kama kiongozi anayeshangiliwa. Dada aliyapokea magugu kutoka mikononi mwake, moja baada ya jingine, akayapanga ndani ya pikapu. Maji yalikuwa yanamchuruzika mikononi hadi kwenye viwiko. Hakucheka, wala hakumtazama mtu.

Saa nne vihori vilikuwa vimejaa. Shemeji alikuwa ameziba matundu kwa matope, akajaza maji, na magugu yakakaa humo yamenenepa, yamechanua, kana kwamba yalizaliwa pale. Lazima niseme yalipendeza kuliko dughulushi ilivyowahi kupendeza.

Walikuja na gari kubwa jeupe lililoshindwa kupanda, wakamalizia kwa miguu. Alikuwapo mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, mwenye viatu vya wazi na miguu iliyoiva kwa jua. Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "asante". Alikuwapo bwana mmoja kutoka ofisi yao ya Dar es Salaam, kijana mnene mwenye tai, aliyekuwa mkalimani wake. Na alikuwapo mzee mmoja kutoka mkoani aliyeketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona na hakuinuka hadi mwisho.

Tuliwaamkia shikamoo, mzee wa mkoa akaitikia marahaba kwa niaba ya wote. Yule mama alizunguka vihori akipiga picha. Akasimama, akamwuliza kijana jambo. Mimi nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza cha kusikia ninacho, ingawa cha kusema kilinikwama siku zote. Alikuwa anauliza mbona ua hili ni kubwa kuliko lile la kwenye maombi ya fedha.

Kijana akamgeukia shemeji. "Anauliza mbona limekuwa kubwa."

"Hali ya hewa ya ziwa," shemeji akasema bila kupepesa. "Inalinenepesha."

Kijana aliinama kwenye kihori. Alilishika gugu moja, akalibonyeza lile shina lake lililovimba kama kitunguu, lile shina ambalo kila mtoto wa Mwanza alikuwa anachezea. Akaliachia. Akatoa leso, akajifuta vidole kimoja kimoja. Kisha akamtafsiria mama maneno ya shemeji, yote, vizuri kabisa, na akauliza kwa Kiswahili kama chakula kitachelewa.

Hapo nilielewa kwamba shemeji yangu hakuwa mtu wa pekee. Nilikuwa nimemdhania hivyo.

Ikafika zamu ya risala. Ilikuwa imeandikwa na mkurugenzi, lakini ilipaswa kusomwa na mwenyekiti, kwa kuwa mwenyekiti ndiye mwanamke. Dada alisimama mbele ya vihori na ile karatasi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisoma, "Mgeni rasmi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana," kisha akanyamaza. Nilidhani ameshindwa na mwandiko. Akaikunja karatasi.

"Risala hii ameiandika mume wangu," akasema. "Ameiandika vizuri. Lakini yale maua yalikufa. Tuliyamwagilia sana, yakafa. Haya mnayoyaona ni magugu maji, tumeyatoa ziwani leo asubuhi. Bado yana konokono. Naomba mumwambie mama asije akayapeleka kwao."

 Shemeji alikuwa anatabasamu, tabasamu limeganda kama mafuta ya nyama kwenye sahani. Yule mama wa Kizungu aliangalia nyuso zetu, akaona kuna jambo, akamgeukia kijana.

Kijana alirekebisha tai. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba mwenyekiti anasema walikutana na matatizo madogo kwenye ua la mlimani, lakini kwa ubunifu wao wenyewe, kama wanawake, wamegundua ua la hapahapa ziwani, na wanaomba awasaidie kuliendeleza.

Mama aliweka mkono kifuani. Machozi yalimlengalenga. Akasimama, akapiga makofi, mzee wa mkoa akapiga makofi akiwa amekaa, shemeji akapiga, wasichana wa kushona wakapiga, na mama wa mkaa akapiga vigelegele kwa kuwa alidhani ndiyo ruhusa ya kwenda kwenye soda.

"Sivyo alivyosema," nikasema kwa sauti.

Kijana alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaga uji. "Dada," akaniambia, "watu wana njaa."

Wakala sato na wali. Yule mama alimkumbatia dada yangu kabla ya kuondoka, na dada alisimama ndani ya mikono yake kama nguzo.

Nilitegemea usiku huo kutakuwa na vita nyumbani. Hakukuwa na vita. Shemeji alikuwa na furaha mno hata hakuweza kukasirika. Awamu ya pili ya mradi ilikuja, na ilikuwa ya kusuka vikapu na viti kwa magugu maji. Akawa mtaalamu wa magugu. Alihamia Dar es Salaam kukaa kwenye ofisi yenye feni, akawa anakwenda kwenye semina kama mzungumzaji, si kama mtu wa kujaza kiti. Alimwita dada amfuate. Dada alimwambia atakuja watoto wakifunga shule. Walifunga, wakafungua, wakafunga tena, na hakwenda. Baadaye tukasikia ana mtu huko. Dada alipoambiwa aliuliza kama huyo mtu anajua kupika, akaendelea kuchekecha unga.

Yale magugu kwenye vihori hayakufa. Ukiyamwagilia yananawiri, usipoyamwagilia yanasubiri. Tuliyang'oa wenyewe, mimi na dada, tukayaanika juu ya jiwe, na jiwe la Mwanza likafanya kazi yake. Vihori Mayu aliviomba vya kunyweshea ng'ombe wake, akapewa.

Shemeji alirudi mara moja, miaka michache baadaye, amenenepa, ana mkoba mpya wa ngozi ya kweli. Alikuwa amekuja kwa kazi na akaona apite. Tulikuwa tumeshapata kibanda cha chai kule Nyakato, mimi na dada, wateja wetu ni vibarua wa viwanda. Alikaa kwenye benchi katikati yao, akatandika leso kwanza.

"Mama watoto," akasema, "sikupata nafasi ya kukushukuru. Yale maneno uliyosema siku ile ndiyo yaliyotuinua. Mpaka leo wanayataja. Wanasema ni sauti ya wanawake wenyewe."

Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Alikuwa anasema kwa dhati. Alikuwa ameshaamini tafsiri ya yule kijana, au pengine alikuwa amesahau kwamba kulikuwa na maneno mengine. Mdomo wangu ulikuwa umeshajaa majibu, miaka yote nilikuwa nayatayarisha.

Dada alinitangulia. Alimwekea kikombe cha chai na vitumbua viwili, akafuta meza mbele yake.

"Kunywa chai," akasema. "Halafu uwapishe hawa, wanarudi kazini."

Alikunywa. Vibarua walikuwa wamesimama nyuma yake na vikombe vyao mkononi, wanamsubiri amalize.